Kidole Kimevimba: Jipu, Fangasi, Funza au Maji?

Mteja akionyesha kidole kilichovimba kwenye dirisha la duka la dawa, mara nyingi haondoki mikono mitupu. Atapewa vidonge vya rangi mbili, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, pengine na kijitubu cha dawa ya kupaka, na ataambiwa arudi asipopata nafuu. Mama lishe ambaye ngozi ya kuzunguka kucha zake imevimba tangu Ramadhani iliyopita atapewa hivyo. Mwanafunzi ambaye ukucha wa kidole gumba cha mguu umezama nyamani atapewa hivyo. Fundi ujenzi aliyechomwa na msumari juzi, na sasa kidole kinampwita usiku kucha, naye atapewa hivyo hivyo. Mama lishe dawa hiyo haitamsaidia kitu. Mwanafunzi atatulia siku chache kisha maumivu yatamrudia. Fundi yumo katika hatari ya kuipoteza pingili ya mwisho ya kidole huku akihesabu vidonge.

Maradhi ya kuzunguka kucha yanafanana kwa macho, lakini tiba zake hazifanani, na nyingi hazimo ndani ya kidonge cha antibayotiki. Usaha unataka kufunguliwa njia. Mikono inayoshinda majini inataka kukauka. Ukucha uliozama unataka kuondolewa pale unapochoma. Fangasi wanataka dawa ya miezi, na funza wanataka kutolewa kisha nyumba ishughulikiwe. Anayetaka kujua anakabiliana na lipi anahitaji maswali matatu ambayo hayana gharama: lilianza lini, liko wapi hasa, na mwenye kidole ni nani.

Mlango wa maradhi

Ukucha wenyewe ni bamba gumu lisilo na damu wala hisia. Kinachougua ni nyama inayoushika. Kwenye shina la ukucha kuna utando mwembamba wa ngozi ulioshikamana na bamba hilo, na kazi yake ni kuziba mwanya ulio kati ya ngozi na ukucha ili maji, sabuni na vijidudu visipenye. Saluni nyingi huuhesabu utando huo kuwa uchafu. Vijana wanaopita mtaa kwa mtaa na kikapu cha rangi za kucha huuloweka, huusukuma nyuma kwa kijiti, halafu huukata kwa mkasi uliotoka kwenye mguu wa mteja aliyetangulia. Kucha hubaki zimependeza, na mlango hubaki wazi.

Si saluni tu. Mtoto anayetafuna kucha, mtu anayenyofoa kwa meno kijigozi kilichochanika pembeni, mpishi aliyechomwa na mwiba wa samaki, mfuaji anayeshinda na povu, wote wanafungua mlango huo huo. Kucha za bandia nazo zina balaa lake: zikianza kubanduka upande mmoja, maji hujificha chini yake, na wiki chache baadaye ukucha wa asili huonekana umegeuka kijani. Rangi hiyo hutengenezwa na bakteria aitwaye sudomona, apendaye majimaji. Anayepaka rangi juu ya ukijani huo ili kuuficha anamfunikia bakteria makazi. Aondoe ukucha wa bandia, akate sehemu iliyobanduka, akaushe, na aloweke kidole kwenye siki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne, mara moja au mbili kwa siku. Ukijani utaondoka kadiri ukucha unavyokua.

Siku chache: usaha pembeni ya ukucha

Ugonjwa ulioanza ghafla, siku mbili hadi tano baada ya jeraha dogo ambalo mwenyewe pengine ameshalisahau, kwa kawaida ni maambukizi ya bakteria. Ngozi ya upande mmoja wa ukucha huvimba, hung'aa, huwa ya moto, na huuma hata ikiguswa na shuka. Watu wengi husema wana mdudu wa kidole. Mhusika mkuu ni stafilokoki, bakteria ambaye takribani mtu mmoja kati ya watatu hutembea naye puani bila kuumwa chochote. Kwa watoto wanaonyonya vidole na watu wazima wanaotafuna kucha, bakteria wa mdomoni huongezeka juu yake, na daktari hulazimika kuchagua dawa inayowafikia wote.

Jambo la kuamua hapa ni kama usaha umeshatunga. Kama bado, kuloweka kidole kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, kisha kukikausha na kupaka marhamu ya antibayotiki, mara nyingi hutosha. Chumvi si lazima, kwa sababu kinachosaidia ni joto linaloita damu pale penye vita. Limau lililotobolewa na kuvishwa kidoleni lina sifa kubwa mitaani, lakini tindikali yake huichoma ngozi iliyokwisha kulainika, na siku anazolivaa mgonjwa ndizo siku usaha unajikusanya. Kinyesi cha ng'ombe, majivu na udongo ni hatari ya wazi, kwani humo hukaa mbegu za pepopunda. Kutumbua kwa sindano ya kushonea au mwiba wa mchungwa ni kuusukuma usaha ndani badala ya kuutoa.

Usaha ukishatunga, mahali pake hulainika na rangi ya manjano huanza kuonekana chini ya ngozi au chini ya ukucha. Waganga wana jaribio jepesi la kuuthibitisha: mgonjwa hubonyeza taratibu ncha ya kidole kinachouma kwa kidole gumba cha mkono huo huo, na pale usaha ulipo ngozi hupauka na kuchora mpaka wake. Kwenye ngozi nyeusi mpauko huo huonekana kwa shida, hivyo mganga mzoefu hutegemea zaidi kidole chake mwenyewe kinachopapasa ulaini.

Kinachofuata ni upasuaji mdogo kuliko watu wanavyouogopa. Mganga huchoma sindano ya ganzi pande mbili za shina la kidole, husubiri dakika chache, hugusa kuhakikisha kidole hakisikii, kisha hupitisha ncha bapa ya kifaa safi kati ya ukucha na ngozi iliyovimba, akiinua ngozi hiyo bila hata kuichana. Usaha hutoka wenyewe. Huosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, huweka kipande kidogo cha shashi ili njia isifunge mapema, hufunga, na humwambia mgonjwa arudi baada ya siku moja au mbili. Kupwita huisha mara usaha unapopata pa kutokea. Ukiwa umefika chini ya ukucha, sehemu ya ukucha hukatwa ili utoke.

Kwa mtu mwenye afya njema, usaha ukishatoka vizuri, antibayotiki ya kumeza kwa kawaida haina kazi iliyobaki. Na kama usaha umekwama, kidonge hakiufikii ipasavyo, kwa kuwa jipu limejijengea ukuta na ndani yake damu haipiti. Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana dirishani: stafilokoki walio wengi hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini ya kawaida, ambayo ndiyo dawa iliyo karibu na mkono wa kila muuzaji. Inapohitajika dawa ya kumeza, kwa sababu wekundu unasambaa, kuna homa, au mwenye kidole ana ugonjwa unaodhoofisha kinga, daktari huchagua kloksasilini, flukloksasilini au sefaleksini, na kwa aliyetafuna kucha huchagua amoksilini iliyounganishwa na asidi ya klavulaniki. Kumeza amoksilini tupu kwa jipu la kidole ni kuwazoesha vijidudu dawa bila kuwaua.

Maumivu ya ncha ya kidole

Sogea milimita chache kutoka pembeni ya ukucha hadi kwenye nyama ya ncha ya kidole, upande wa alama za vidole, na uzito wa jambo hubadilika. Nyama hiyo imegawanywa na kuta ngumu zinazotoka kwenye ngozi hadi kwenye mfupa, na kuifanya iwe na vyumba vidogo kama vya chungwa. Usaha ukiingia humo hauna pa kutanuka. Shinikizo hupanda, damu hubanwa, na maumivu huwa ya kupwita yasiyompa mtu usingizi. Ncha huwa ngumu na imejaa. Jipu la namna hii halisubiri kuiva. Likicheleweshwa, mfupa wa pingili ya mwisho huingiwa na maambukizi na unaweza kuoza, au usaha hushuka kwenye ala inayozunguka kano za kukunja kidole.

Kuhusu ala hiyo, madaktari duniani kote bado wanatumia dalili nne zinazobeba jina la Allen Kanavel, mpasuaji wa Chicago aliyechapisha kitabu chake cha maambukizi ya mkono mwaka 1912, wakati ambapo antibayotiki hazikuwapo. Kidole huvimba chote kwa urefu wake, hukaa kimekunjika kidogo, huuma ukibonyeza upande wa kiganja kufuata njia ya kano, na maumivu huwa makali mno mtu akijaribu kukinyoosha. Mwenye dalili hizo anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Akilala nazo anaweza kuamka na kidole ambacho hakitakunjika tena.

Upo ugonjwa mmoja wa mahali hapo hapo ambao kisu ni adui yake. Virusi vya malengelenge ya mdomo, vikiingia kidoleni, huleta maumivu makali na kundi la vijilengelenge vyenye maji maangavu, ambavyo baadaye hukusanyika na kufanana na usaha. Huwapata watoto wenye vidonda vya mdomo wanaonyonya vidole, na wauguzi na madaktari wa meno wanaoshika midomo ya wagonjwa bila glavu. Ukipasua hapo hautoki usaha, na jeraha jipya huwakaribisha bakteria na kuvisambaza virusi. Hupona wenyewe katika wiki mbili au tatu, na dawa ya asaiklovia husaidia ikianzwa siku za mwanzo. Kinachoutambulisha ni malengelenge mengi madogo badala ya mfuko mmoja, na tabia ya kurudi kwenye kidole kile kile.

Wiki na miezi: mikono ya maji

Ugonjwa uliopita wiki sita ni kitu kingine kabisa, hata kama uvimbe uko mahali pale pale. Tazama mikono ya mwanamke anayeosha vyombo vya mgahawa tangu alfajiri. Vidole vitatu au vinne vina uvimbe laini kwenye shina la ukucha, ule utando wa kuziba umetoweka, ngozi imerudi nyuma na kuacha kijifuko, na bamba la ukucha lina mikunjo ya kukingama, kila mkunjo ukiwa kumbukumbu ya wiki iliyokuwa mbaya. Haumi sana. Unamsumbua, unatulia, unarudi. Wafuaji, wasusi wanaoosha nywele kwa dawa, wauza samaki na wapishi wanaufahamu ugonjwa huu hata kama hawana jina lake.

Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa fangasi aina ya kandida, kwa sababu ukichukua ute wa kijifuko hicho kandida huonekana, na wagonjwa walipewa dawa za fangasi za kumeza. Mwaka 2002 daktari wa ngozi wa Italia, Antonella Tosti, na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha dawa hizo na krimu ya steroidi. Waliopaka steroidi walipona zaidi. Maana yake ni kwamba kiini ni ngozi iliyochokozwa na maji, sabuni na vitu vikali hadi ikawaka, na kandida ni mpangaji aliyeingia nyumba iliyokwisha kubomoka. Ukimfukuza mpangaji ukaiacha nyumba ilivyo, ataingia mwingine.

Ushauri unaofuata ni rahisi kuutamka na mgumu kuutimiza: mikono ikae mikavu. Glavu za mpira peke yake hufanya vidole vitoke jasho, hivyo ndani yake huvaliwa glavu za pamba. Kazi ikiisha mikono ikaushwe hadi katikati ya vidole na ipakwe mafuta mazito ili yafanye kazi ya ule utando uliopotea. Utando wenyewe huchukua miezi kuota upya, na usiguswe na mkasi. Krimu ya steroidi ipakwe kwa kipimo na muda aliotoa daktari. Angalizo hili lina uzito wa pekee kwetu, ambako krimu kali za steroidi huuzwa kiholela na kuchanganywa kwenye mikorogo ya kujichubua. Aliyezipaka mwaka mzima ameifanya ngozi yake iwe nyembamba na dhaifu, na maambukizi hupenya kwa urahisi zaidi.

Hapa ndipo ugonjwa wa kidole unapokuwa suala la kazi. Mwajiri anayetoa sabuni bila glavu anazalisha wagonjwa, na hakuna dawa itakayomponya mtu anayerudi kwenye sinki lile lile kila asubuhi.

Mguuni: kiatu, mkasi na fangasi

Kidole gumba cha mguu kina tatizo lake. Pembe ya ukucha hukatwa kwa kuviringwa, kipande chenye ncha hubaki chini ya nyama, kiatu hukisukuma, na kila hatua humchoma mtu kisu. Kisha usaha huja, na pembeni huota kinyama chekundu chenye kuvuja damu. Wanafunzi wanaovaa viatu walivyorithi kwa kaka zao, askari, na wacheza mpira ndio wateja wakuu. Antibayotiki hupunguza usaha na kuuacha mwiba mahali pake. Katika hatua za mwanzo mguu huloweshwa, kipande kidogo cha pamba safi huwekwa chini ya pembe ya ukucha ili iinuke, na kiatu hubadilishwa. Ikishindikana, mganga hutia ganzi, hukata ukanda mwembamba wa ukucha hadi kwenye shina, na huweza kupaka fenoli pale shinani ili ukanda ule usiote tena. Kung'oa ukucha wote, kama inavyofanywa mara kwa mara, huleta maumivu mengi, na ukucha mpya huweza kuzama kama wa zamani. Kinga ni kukata kucha za miguu kwa mstari ulionyooka na kuziacha pembe zitokeze.

Ukucha wa mguu uliogeuka manjano, ukanenepa na kumomonyoka bila maumivu makali, mara nyingi una fangasi. Neno mara nyingi lina kazi hapa, kwani karibu nusu tu ya kucha zilizoharibika umbo ndizo zenye fangasi. Nyingine zimeharibiwa na kiatu, na umri, au na ugonjwa wa ngozi kama soriasisi, ambao huacha vishimo vidogo juu ya ukucha. Ndiyo maana daktari makini hukwangua ukucha na kupeleka maabara kabla ya kuandika vidonge. Tabinafini, miligramu 250 kwa siku, humezwa wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu, na haifai kwa mwenye ini lenye matatizo.

Wengi hushindwa hapa kwa sababu ya kutojua mwendo wa ukucha. Wa mkono hukua takribani milimita 3 kwa mwezi, na wa mguu hufikisha milimita moja au moja na nusu. Sehemu iliyooza haiponi, husukumwa mbele na sehemu mpya mpaka ikatwe. Kwa hiyo aliyemaliza dozi vizuri bado ataona ukucha mbaya, na hataona mguu safi kabla ya mwaka mmoja au mwaka na nusu. Asiyeambiwa hivyo huacha dawa mwezi wa pili au hukimbilia dawa nyingine. Kinga yake iko karibu na desturi tulizonazo: anayetawadha mara tano kwa siku aifute miguu katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi, na anayeshinda na buti aziache soksi zikauke, kwani fangasi wa kati ya vidole ndiye anayehamia kwenye ukucha.

Funza

Vitabu vingi vya ng'ambo kuhusu kucha havimtaji funza, ilhali katika vijiji vya Kilifi, Murang'a, Kigoma au Busoga anaweza kuwa sababu ya kwanza ya vidole kuvimba. Si mwenyeji wetu wa asili. Alitoka Amerika ya Kusini, akaingia Afrika Magharibi kwa meli katika miaka ya 1870, akavuka bara pamoja na misafara ya wapagazi, na kufikia mwisho wa karne ya 19 alikuwa ameshafika pwani ya Afrika Mashariki.

Funza jike hana hata milimita moja anapopenya ngozi, na mahali apendapo ni pembeni na chini ya kucha za miguu. Huanza mwasho, kisha kidoa cheusi, na ndani ya wiki moja au mbili tumbo lake hujaa mayai na kufikia karibu sentimita moja, likiwa duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Nukta hiyo ndiyo anayopumulia na kutagia. Hufa mwenyewe baada ya wiki nne hadi sita, lakini kabla ya hapo ameshadondosha mamia ya mayai kwenye vumbi la sakafu, na kidonda chake kimeshaingiwa na bakteria. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa visigino, huacha shule, na kucha zake hupotea umbo.

Pini moja inayozunguka familia nzima ikitoa funza ni njia ya kupitisha virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI, na tundu linaloachwa ni mlango wa pepopunda. Atolewe na mtu mwenye mkono mwepesi, kwa sindano mpya, mguu ukiwa umeoshwa, azibuliwe mzima bila kupasuka, kisha kidonda kipakwe dawa na chanjo ya pepopunda ikaguliwe. Majaribio yaliyofanywa Kenya yameonyesha njia nyepesi zaidi: mafuta ya dimetikoni yanayopenya kwenye nukta yake na kumziba pumzi, ambayo yamefanya vizuri kuliko kuloweka miguu katika maji ya zambarau ya pamanganeti. Mafuta ya taa huchoma ngozi na hayapaswi kutumika.

Hata hivyo, anayetibu mguu na kuliacha vumbi atautibu tena mwezi ujao. Funza hukomaa kwenye udongo mkavu wa ndani ya nyumba na kwenye mazizi, na mbwa na nguruwe humhifadhi. Kusakafia chumba kimoja wanapolala watoto, kunyunyiza maji na kufagia kila siku, kuwatenga wanyama na kuvaa viatu hufanya kazi ambayo hakuna dawa inayoifanya. Kumcheka mwenye funza kuwa ni mchafu humfanya ajifiche, na aliyejificha hupandikiza wengine.

Mwenye kidole ni nani

Swali la tatu huyapindua majibu ya yote mawili ya mwanzo. Kidole kilekile, usaha uleule, kwa mtu mwenye kisukari ni dharura. Mwaka 2002 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Zulfiqarali Abbas aliyejenga kliniki ya miguu ya kisukari Muhimbili, walieleza wagonjwa waliofika na mikono iliyooza baada ya jeraha dogo kama la kuumwa na mdudu au kukwaruzika. Ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa kwanza Nigeria mwaka 1984. Wengine walikatwa vidole, wengine mkono, na kuchelewa kufika hospitali lilikuwa jambo lililojirudia. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na kwa mwenye kisukari kauli hiyo ichukuliwe kama ilivyo. Aitazame miguu yake kila siku, au amwombe mjukuu amtazamie. Maji ya kulowekea yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, kwani miguu yenye ganzi ya kisukari huungua bila kujua. Kucha zake zisikatwe na kijana wa kikapu.

Weupe wa fangasi unaoanzia kwenye shina la ukucha badala ya nchani ni dalili ya kinga iliyoshuka, na anayeuona anastahili kupima virusi vya UKIMWI. Anayetibiwa saratani naye amwonyeshe daktari wake vidole mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huvimbisha ngozi ya kuzunguka kucha.

Na kuna kile kisichokuwa maambukizi kabisa. Mwaka 1977 Bob Marley aligunduliwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, jeraha ambalo lilidhaniwa kuwa la mpira wa miguu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kwa watu weusi mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida. Lakini mstari mmoja mpya unaopanuka, weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya shina, au kidonda cha ukucha kisichopona kwa miezi licha ya dawa, vinahitaji kukatwa kinyama na kupimwa.

Kwa yeyote, bila kujali umri au afya, kuna ishara zinazofuta mjadala: homa na kutetemeka, mstari wenye maumivu unaopanda mkononi au mguuni, mtoki au uvimbe wa kwapani, kidole kisichonyooka, na ncha ya kidole inayogeuka nyeusi. Hapo njia ni ya hospitali.

Nani abadilike

Lawama yote isimwangukie muuza dawa. Mgonjwa huja dirishani kwa sababu dirisha liko karibu, halina foleni, na linatoa kitu cha kushika mkononi. Ukiyapanga maradhi haya kwa pamoja, utaona mengi yanahitaji ujuzi wa ngazi ya zahanati: ganzi, kifaa safi, shashi, na mganga ambaye ameshafundishwa kuinua ngozi ya ukucha na hana hofu ya kufanya hivyo saa nne asubuhi ya siku ya kawaida. Zahanati inayomrudisha mtu mwenye usaha kwa maelezo kwamba upasuaji hufanyika hospitali ya wilaya ndiyo inayompeleka kwenye limau na vidonge vya rangi mbili.

Muuza dawa naye anaweza kufanya kazi kubwa bila kuuza chochote kipya. Aulize siku ngapi. Ashike ncha ya kidole. Aulize kuhusu sukari. Mwenye siku mbili bila usaha ampe maelekezo ya kuloweka na marhamu. Mwenye usaha amwelekeze zahanati siku hiyo. Mwenye wiki kumi amuulize kazi yake kabla ya kumuuzia dawa ya fangasi. Akifanya hivyo atapoteza mauzo ya vidonge vichache, na mteja atarudi kwake kwa imani. Na mgonjwa, kabla ya kutoa pesa, ana haki ya kuuliza swali moja ambalo mara nyingi halijibiwi: dawa hii inamwua nani, na huyo ndiye aliyemo kidoleni mwangu?